Mtoto Anayeogopa Mkate

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwenye kioski hapa mtaani Umoja nikinunua maziwa. Mama mmoja aliyembeba mwanawe wa miaka miwili akasema, "Nipe mkate." Mtoto akapiga mayowe na kumkaba shingo kwa mikono yote miwili.

"Kwani mkate umemfanyia nini?" muuzaji akauliza.

"Kila asubuhi nikimwacha kwa mama anayetulelea watoto, namwambia naenda kumletea mkate. Halafu naenda kazini mpaka jioni."

"Si umwambie tu ukweli?"

"Wee! Si atalia!" alijibu kwa sauti ya juu, maana kilio kilikuwa kimetuziba masikio.

Nikachukua maziwa yangu, nikarudi mbio. Mwanangu nilimwacha mlangoni nikimwambia, "Narudi sasa hivi," na nilikuwa nimeshamaliza nusu saa nikisikiliza ya watu.