Mlio Niliousikia Peke Yangu

Kuna duka moja hapa Guangzhou, Uchina, ambalo mpaka leo nikilipita huvuka barabara na kujifanya nasoma simu, na si kwamba nilifukuzwa, la, mwenye duka akiniona kutoka dirishani kwake ghorofani hunipungia mkono kwa furaha, na hiyo furaha yake ndiyo inayoniua, maana najua anakumbuka nini. Nimeona bora niwasimulie habari hii mwenyewe kabla hamjaipata kwa Mama Léontine, kwa sababu yeye akiisimulia huigiza na sauti yangu, na huniigiza vizuri mno.

Kazi yangu ya kula ni kumnunulia shangazi yangu bidhaa za duka lake la Mombasa. Nazunguka yale majengo ya nguo za jumla ya mtaa wa Guangyuan Xilu, nachagua sampuli, nampigia picha, anakataa, nachagua nyingine. Kazi yangu ya moyo ni spika. Hakuna aliyenifundisha, nilianza kwa kufungua spika za harusi zilizoungua mtaani kwetu, nikaendelea kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu vitu vya watu (vya shangazi hasa). Na kwa kuwa sina cheti hata cha kubandika nyuma ya mlango, nimekuwa mtu wa kuogopa kukosea, najiandaa kupita kiasi, na nikiandaliwa chai kwanza nakagua kikombe.

Mama Léontine ni mfanyabiashara kutoka Lubumbashi, mama wa heshima zake, kiongozi wa kwaya kanisani, ambaye huja huku kununua vitambaa vya mapazia. Alikuwa na ndoto ya kufungua mkahawa kwao ambapo watu watakaa watulie wasikilize rumba za zamani kama zilivyorekodiwa. "Siyo kelele, mon fils, mwanangu," aliniambia tulipokutanishwa na watu wa ofisi ya kago inayotusafirishia mizigo. "Kelele tuko nayo ya kutosha. Nataka musiki." Alitaka spika za hali ya juu kabisa, zile ambazo mtu huzinunua mara moja maishani, na akaniambia wazi kwamba nikimchagulia vizuri atanipeleka Lubumbashi nikamtengenezee chumba chote, kuanzia kuta mpaka waya wa mwisho. Chumba kizima! Mimi ambaye maisha yangu yote nimepewa spika moja moja, tena zilizokufa. Usingizi ulinihama.

Asubuhi ya siku yenyewe nilikuwa nimepitia sokoni kuchukua sampuli za bidhaa za harusi alizozitaka shangazi, nikazishindilia kwenye mkoba, nikafunga zipu. Mpango ulikuwa niuache mkoba kwenye ofisi ya kago pale Sanyuanli kisha nipande metro, lakini nilipochungulia nikaona foleni mpaka mlangoni, nikahofia kuchelewa (mimi hufika mapema, halafu huhofia kwamba nimefika mapema mno), nikajiambia, ah, mkoba tu huu, utanifanya nini? Hapo ndipo nilipojichimbia shimo langu kwa mikono miwili.

Duka liko ghorofa ya tatu, sakafu ya mbao, mazulia mazito ukutani, na katikati kiti kimoja cha ngozi kimewekwa peke yake kama cha kinyozi. Hapo ndipo mnunuzi hukaa asikilize. Laoban (ndivyo tunavyowaita wenye maduka wote hapa) alikuwa mzee mwembamba wa sweta la kijivu, mpole, akatumiminia chai kwenye vikombe vya kidole, akatuwashia jozi ya spika ndefu za mbao nyeusi ambazo alituambia, kupitia simu yake inayotafsiri kwa sauti, kwamba yeye mwenyewe huzisikiliza kila siku kabla ya kufungua duka. Kichina changu ni cha sokoni, najua ghali, hakuna, na punguza rafiki, kwa hiyo mambo ya sauti tuliyazungumza kwa simu hiyo siku nzima.

Nikakaa. Nikaweka mkoba sakafuni katikati ya miguu, nikafumba macho kama nilivyoona kwenye video, Mama Léontine akasimama pembeni na mkoba wake wa mkononi kifuani kama yuko kwenye misa. Muziki ukaanza, na wallahi ulikuwa mzuri, gitaa unaliona lilipokaa, halafu besi ikaingia, na chini ya ile besi nikasikia: chrrr.

Nikafumbua jicho moja. Besi ikarudi. Chrrr.

Sasa mwingine angeuliza kwa upole. Mimi nilihisi moyo unaruka kwa furaha, jamani, furaha! Nimepata kasoro! Kwenye spika za bei ambayo sitaitaja, mimi wa kujifunza mwenyewe nimesikia kitu! Nikainua mkono, nikasimama, nikaokota mkoba wangu (ukishazoea masoko yale mkoba huuachi hata ukienda kupiga chafya), nikasogea kwenye spika, nikainama. Kimya. Safi kabisa. Nikarudi kukaa. Chrrr.

"Kuna mlio," nikasema. "Spika zina ugonjwa."

Laoban akakaa yeye, mimi nikampisha na mkoba wangu mkononi. Akasikiliza, akatikisa kichwa. Hakuna. Akakaa Mama Léontine.

"Fadhili, miye siko nasikia kitu."

Na hapa, ndugu zangu, ndipo nilipolisema lile neno ambalo Mama huliigiza kwa kubinua midomo: "Mama, si kosa lako. Masikio yako hayajafunzwa."

Akaniangalia. Mama wa kwaya. Halafu nikaona anatabasamu polepole, akanivuta kando. "Ah, nimeelewa," akaninong'oneza. "Uko unashusha bei. Endelea vile vile!"

"Sishushi bei, Mama, nasikia kweli."

"Ndiyo, ndiyo. Hata sura umeiweka vizuri. Endelea."

Maana hapa Guangzhou kila mnunuzi hutafuta uzi uliolegea ili apunguziwe, na laoban naye aliwaza hivyo hivyo, akanuna, simu ikasema kwa sauti yake ya kike isiyo na hasira: "Hili si duka la nguo. Hapa hatutukani sauti ili kupata bei." Nikaumia. Nikataka kumthibitishia. Nikaomba abadilishe waya, akabadilisha. Chrrr. Akabadilisha amplifaya, akanyanyua mzigo ule peke yake na umri wake, mimi nimekaa kwenye kiti kama chifu. Chrrr. Nikamweleza kwamba mawimbi ya besi yanagonga ukuta na kurudi yamevunjika, na kwamba ndiyo sababu ubovu unasikika pale kwenye kiti tu (nadharia hiyo niliitunga palepale, na ilinipendeza). Akashusha picha ukutani. Akatoa vikombe. Chrrr.

Akaita majirani. Akaja muuza piano wa mlango wa pili na mama mmoja muuza maikrofoni, wakasikiliza kwa zamu, wakabishana Kikantoni kwa mikono, muuza piano akaleta ngazi akapanda kubonyeza mbao za dari mojamoja, na ubao mmoja ukakatika ukamwangukia begani. Walionyesha kuamini kabisa kwamba kuna kitu, kwa sababu mimi kila nilipokaa niliruka kama nimechomwa na sindano, na hakuna mtu anayeweza kuigiza vile.

Halafu muziki ukiwa bado unacheza, laoban akakaa tena kwenye kile kiti, peke yake, mikono magotini. Akasikiliza mpaka wimbo ukaisha. Akaichukua simu akaiambia maneno machache, na simu ikasema: "Kijana anasikia, mimi sisikii. Labda masikio yangu yamezeeka. Nimeuza sauti maisha yangu yote. Nitawapunguzia, zichukueni, sitaweza tena kuziuza kwa bei yake."

Mama Léontine akanikanyaga mguu kwa furaha mpaka nikaona nyota. Mimi nilikuwa nimevimba. Nilikuwa nimeshinda. Nikageuka nimpe laoban mkono, kama mtaalamu kwa mtaalamu, na katika kugeuka mkoba ukagonga ukingo wa kiti.

Chrrr.

Muziki ulikuwa umezimwa.

Nadhani hakuna aliyesikia ila mimi. Muuza piano alikuwa anapangusa vumbi la dari, Mama alikuwa tayari anafungua mkoba wake wa mkononi, na laoban alikuwa anatazama zile spika kama mtu anayeaga. Sikuhitaji kufungua zipu ili nijue. Shangazi alikuwa ameagiza mikanda ya kiunoni, ile ya kitambaa cha kumeremeta yenye visarafu vya bati vinavyoning'inia safu kwa safu, ambayo wasichana hujifunga kwenye ngoma za harusi.

Nitasema ukweli wote, kwani ndiyo sababu nimekaa kuwasimulia. Nilifikiri kunyamaza. Nilipiga hesabu haraka kama panya: nikinyamaza, Mama anapata bei nzuri, mimi napata chumba changu cha Lubumbashi, na kila mtu atasema Fadhili ana masikio. Nikisema, narudi Guangyuan Xilu kupiga picha za suruali mpaka nizeeke. Ila nilimwona mzee wa watu anasugua sikio lake taratibu kwa kidole, kama anajaribu kulifungua, na mkono wangu ukaenda kwenye zipu kabla sijamaliza kufikiri.

Nikaomba muziki uwashwe tena, nikaumwaga mkoba katikati ya sakafu.

Besi ikaingia. Na ile mikanda, myekundu, ya dhahabu, na mmoja wa rangi ya chungwa, ikaanza kutetemeka yenyewe pale kwenye mbao, chrrr, chrrr, kwa mpigo kamili, kama ina wenyewe ndani.

Mama wa maikrofoni akacheka mpaka akakaa chini, na muuza piano akarusha kile kipande cha dari hewani. Laoban aliinama, akashika mkanda mmoja sikioni, akautikisa, akatikisa tena, na uso wake ukafunguka. Simu haikutafsiri chochote kwa sababu hakusema chochote, alikuwa anacheka bila sauti na machozi yanamtoka. Niliomba msamaha kwa lugha zote ninazozijua na moja nisiyoijua. Niliinama mpaka mkoba mtupu ukaniangukia kichwani.

Mama Léontine pekee hakucheka. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini ya kanisani: "Mais, lakini Fadhili. Haungengoja nilipe kwanza?"

Nilianza kukusanya mikanda nikijua nimeshakosa kazi, na pengine shangazi naye atasikia. Laoban akanizuia mkono, akachukua ule wa rangi ya chungwa, akaonyesha dari, akaonyesha mkanda, yaani tumelipana. Kisha simu ikaeleza kwamba mke wake hucheza na wenzake uwanjani kila jioni na hawana kitu kama hicho. Nikampa na wa dhahabu.

"Kaa," Mama Léontine akaniambia.

"Mama?"

"Nimesema kaa. Bila mukoba. Tumekuja kununua spika, ama tumekuja kuchezesha watu?"

Nikakaa. Laoban akaucheza wimbo tangu mwanzo. Na ndugu zangu, hakukuwa na mlio. Kulikuwa na gitaa, na mwimbaji akivuta pumzi kabla ya neno, na besi iliyotulia kama mtu mzima. Nilitafuta kasoro mpaka nikatoka jasho, kwa sababu nimegundua jambo kuhusu mimi lisilonipendeza: kusema kibaya kiko wapi ni rahisi, unaonekana unajua, kusema kizuri kiko wapi ni kujitoa uchi, maana ukikosea hapo umekosea kweli.

"Sasa?" Mama akauliza.

"Nazipenda," nikasema.

"Sababu gani?"

"Kwa sababu... huyu anayeimba, Mama, nilisahau kwamba ni spika."

Hapo ndipo alipoanza kucheka, kicheko kikubwa cha kutoka tumboni. "Umesikia visarafu ndani ya mukoba umefungwa zipu, chini ya radi yote ile," akasema. "Bwana yangu hanisikie tukiwa meza moja. Masikio uko nayo, mon fils. Kichwa ndiyo tutatengeneza."

Akazinunua kwa bei yake kamili, bila kupunguziwa hata kidogo, na tangu siku hiyo hunikumbusha jambo hilo kila tunapokunywa chai. Mwezi ujao naenda Lubumbashi. Nimeona picha za chumba: kuta tupu, dirisha moja kubwa, dari ya mabati ambayo nina hakika itanisumbua (nimeshaanza kukosa usingizi tena). Lakini nimeapa, na nimeapa mbele ya mama wa kwaya, kwamba sitamwambia tena mtu yeyote kuwa masikio yake hayajafunzwa, na kwamba nikiulizwa habari ya sauti nitaanza na ninachokipenda, kasoro baadaye. Najizoeza. Bado ni kazi ngumu kuliko kufungua spika iliyoungua.