Nilivyogeuka bingwa wa fani nne kwa kubonyeza "zote"

Wakuu, habari za humu. Leo naleta aibu yangu mwenyewe. Ni kweli tupu, nimeficha tu majina ya taasisi. Wenye matusi naomba msubiri nimalize.

Mimi ni mwalimu wa chuo kimoja hapa Bujumbura, naishi Gasenyi. Kazi yangu ni udongo na mihogo, basi. Miaka yangu yote ya kufundisha nilikuwa na makala tatu, zimenukuliwa mara kumi na moja. Mara mbili kati ya hizo nilijinukuu mwenyewe, msicheke.

Ili mnielewe, kwanza niwaeleze majina ya kwetu.

Burundi hatuna jina la ukoo. Kila mtoto anapewa lake. Mimi ni Nizigiyimana, maana yake nimemtumaini Mungu. Baba yangu haitwi hivyo, ndugu zangu hawaitwi hivyo. Ila wenye jina hilo ambao si ndugu zangu wamejaa mji mzima.

Majarida ya nje yanadai jina la ukoo, nasi tunajaza hilohilo. La ubatizo wanalikata, inabaki herufi moja. Emmanuel, Espérance, Élie, Ernest, wote tunakuwa Nizigiyimana E.

Sasa chuo kikatutaka tufungue profaili kwenye mtandao wa watafiti, kwa ajili ya kupandishwa vyeo. Nikafungua. Mtandao ukaniuliza: makala hizi ni zako? Orodha ndefu. Ya kwanza nikaona ni mihogo, nikabonyeza "zote".

Nawaapia, wakati nabonyeza ulikuwa uvivu tu. Wizi ulianza kesho yake nilipoona namba nikanyamaza. Nilikuwa na mihogo, kuhara kwa watoto, sheria za ardhi na ufundishaji wa Kifaransa. Nimenukuliwa mara mia nne na ushee.

Doyen, yaani mkuu wa kitivo, akanisimamisha kwenye kikao akasema huyu ni mtafiti wa fani nne. Makofi. Nikainamisha kichwa, wakadhani ni unyenyekevu. Jirani yangu akaja kuniuliza dawa ya mtoto anayehara, nami nikamjibu. Mjue nilikuwa nimefika wapi.

Cheo nikapata.

Miezi michache baadaye akaingia ofisini dada mmoja ameshika bahasha, akakaa bila kukaribishwa. Ndiye Espérance, Nizigiyimana mwenzangu, muuguzi, mwenye zile makala za kuhara. Miaka mingi alizunguka Kanyosha nyumba kwa nyumba, anachota maji ya visima na kupima uzito wa watoto. Aliomba bourse, yaani ufadhili, akasome shahada ya uzamivu nje. Wale wa bourse wakakagua makala zake, wakazikuta kwangu. Wakamjibu kwamba amedai kazi ya mtu mwingine.

"Mi siko na kesi na we," akasema polepole. "Iyi maji nilichota na iyi mikono yangu. Bale batoto nabajua majina, moja moja. We unajua hata moja?"

Nikasema hapana.

"Basi ubaandikie. Ubaambie ni mi."

Makala nikaziondoa mbele yake. Barua nikaandika siku hiyohiyo. Wakajibu kwa adabu kwamba nafasi imeshachukuliwa, na kwa awamu ijayo umri wake utakuwa umepita.

Nikaenda kwa doyen kukiri. Akafunga mlango. "Professeur, ripoti ya vyeo ilikwisha kwenda juu. Unataka tupate aibu shiye bote?" Nimeandika mara mbili nirudishe cheo, sijajibiwa. Bado wananiita kwa cheo hicho na mimi naitika.

Espérance sasa anapima maji ya chupa kwenye kiwanda fulani Zone Industrielle. Utafiti ameacha. Nilienda kumwona, akanipokea vizuri, akanipa kiti, na hilo ndilo linaniua. Angenitukana labda ningelala.

Somo? Kunyamaza pia ni kusaini. Mnaoanza utafiti, andikeni majina yenu kwa kirefu, na mkiulizwa kama kitu ni chenu, someni kimoja kimoja. Haya nayajua sasa, na hayamsaidii mtu.

Maana profaili yangu niliisafisha, ila mitandao mingine ilishanakili na siwezi kuigusa. Wiki iliyopita imeingia email: hongera, kazi yako imenukuliwa. Ni ile ya visima vya Kanyosha. Nikamtumia Espérance email hiyo pamoja na makala mpya iliyomnukuu, ndefu, ya Kiingereza, Kiingereza ambacho yeye hakijui vizuri.

Akanijibu mstari mmoja: "Banasema nini juu ya batoto?"

Makala nimeisoma mara tatu nipate kumjibu. Sielewi kitu, wakuu. Bingwa wa fani nne.

Wenye matusi, sasa ni zamu yenu, nimeyastahili. Ila kama humu kuna mtu wa afya ya watoto, naomba anieleze kwa lugha nyepesi wanasema nini. Dada bado anasubiri jibu.