Tembo wa Njia Panda

Yule mama fundi wa kuunga vyungu hapa Si Satchanalai, Thailand, hulamba kidole gumba, hukipitisha penye ufa, kisha hukiambia chombo, “Utapona.” Huliambia hivyo hata bakuli lililobaki vipande vitatu. Jana nilimpelekea katembo ka kale ka udongo, ung'ao wake wa kijani haujafifia, kiwiliwili mkono huu, kichwa mkono huu.

“Dada, nimekuletea mgonjwa! Kuna mjinga kamtupa njia panda.”

Hakulamba kidole.

“Mjinga ni mimi, mdogo wangu. Nimemvunja shingo asubuhi, kama walivyofanya wazee wetu, aondoke na homa ya mwanangu. Nawe umemrudisha mpaka mlangoni.”

Ndani mtoto akakohoa. Nikamkumbatia tembo, kichwa na kiwiliwili, nikakimbia naye kurudi njia panda.