Umio wa Mama

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuamini kwamba chakula kinashuka kwa uzito wake. Nilidhani umio ni bomba tu lililosimama kati ya koo na tumbo, na tonge likishapita kidakatonge linadondoka lenyewe kama jiwe kisimani. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe, na hilo ndilo linaloniuma.

Nilimaliza kidato cha nne kwa alama zisizotosha chuo cha utabibu, nikabaki nyumbani Msasani, hapa Tukuyu, nikitengeneza simu za watu. Mwili wa binadamu niliendelea kujisomea kwenye simu yangu, kwa bando la intaneti. Nilichora mdomo, koromeo, umio, tumbo na mwanzo wa utumbo mwembamba nyuma ya kalenda za zamani. Tumbo lilinisumbua kuliko vyote. Mkunjo wake wa kushoto ukitoka mnene kidogo, nilichana karatasi nikaanza upya. Mama mdogo, ambaye tunaishi naye, aliniita daktari wa bando.

"Bando likiisha, na udaktari umeisha," alikuwa akisema mbele ya wateja wangu.

Kwa hiyo mama aliposema chakula kinamkaa kifuani, jibu nilikuwa nalo tayari. Nikamwambia akae wima, anyooshe mgongo, anywe maji kila baada ya tonge, kisha asubiri. Nilimwekea mito. Nilimrekebisha shingo kama fundi anayepima ukuta. Alinitii. Mama humtii mtu yeyote anayeonekana kujua.

Kumbe alikuwa hali kitu. Kwetu anayepika hula mwisho, jikoni, na hakuna anayemwangalia sahani. Alitupakulia ndizi, akarudi kwenye mafiga, na za kwake wakazila kuku. Tuliona gauni linampwaya, tukasema ni kazi za shamba letu la Kinyala.

Siku moja ya mvua tulikuwa na wageni kutoka kanisani. Niliingia jikoni kufuata chumvi nikamkuta ameegemea nguzo, kiganja kifuani, machozi yanamtoka.

"Ndizi imekwama?"

Akaitikia kwa kichwa.

Nikampa kikombe cha maji. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kujua, "Kunywa yote, yataisukuma." Akanywa. Maji yalikaa mahali fulani ndani yake kwa muda, kisha yakarudi kwa mdomo na kwa pua, pamoja na kipande cha ndizi kisichozidi ukucha. Alipopata pumzi alinishika mkono.

"Usiwaambie wageni," alisema. "Watadhani chakula ni kibaya."

Kesho yake nilisoma upya, safari hii bila haraka. Umio una misuli. Hubana nyuma ya tonge na kulegea mbele yake, ukilisukuma mpaka kwenye mlango wa tumbo, ndiyo maana mtu anaweza kumeza hata akiwa amelala. Sikuamini. Nikalala kitandani, kichwa kikining'inia karibu na sakafu, nikavuta maji kwa mrija. Yakapanda. Niliyasikia yakipita kifuani kuelekea juu, taratibu, bila kuniomba ruhusa. Mama mdogo akachungulia mlangoni.

"Daktari wa bando, leo tunakunywa kama popo?"

Sikucheka. Nilikuwa nimeelewa kwamba ile mito haikuwa na kazi yoyote. Kama misuli inasukuma na chakula bado hakipiti, basi njia yenyewe inaziba, na mimi nilikuwa nimepoteza miezi nikimnyoosha mama mgongo.

Hospitalini Mbeya walimwingiza kamera kupitia kooni. Daktari alituonyesha picha: uvimbe sehemu ya chini ya umio, karibu na mlango wa tumbo. Nafasi iliyobaki ilikuwa nyembamba kama mrija wa kalamu. Nilijua jina la kila mahali alipoweka kidole. Ningeweza kumchorea. Lakini hakuna jina hata moja lililoweza kuipanua ile njia.

Alisema watatoboa tumbo kwa mbele waweke mpira wa kulishia, mama apate nguvu kwanza, ndipo wazungumzie matibabu mengine. Mama hakumtazama daktari. Alinigeukia mimi.

"Mwanangu, kikipita huko, utamu nitausikia wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Utamu unasikika mdomoni, tumbo halionji kitu. Niliangalia viatu vyangu, vina matope ya Tukuyu, nikatamani anipige.

"Basi, usijisumbue," akasema. "Niliuliza tu."

Akakubali. Sasa kila siku nasaga parachichi na maziwa, nachuja kwa chujio la chai, halafu nachuja tena kwa sababu nimeona uzi mmoja. Kisha namimina kwenye mpira polepole, huku yeye akitazama chakula kinavyoingia kana kwamba ni cha mtu mwingine. Huwa anauliza leo ni nini, nami namtajia. Siku moja aliomba aonje. Nikampa kidogo kwenye ncha ya kijiko. Alikaa nacho ulimini, amefumba macho, kisha akatema kwenye kikombe.

"Hili parachichi halijaiva vizuri," alisema.

Nilikuwa nimelichuja mara mbili na sikulijua hilo. Nilitoka nje, nikasimama kwenye migomba mpaka uso wangu ukakauka.

Tangu mpira uwekwe mama hajameza chakula. Ameongezeka uzito kidogo, uvimbe bado upo, na tunasubiri kuitwa tena Mbeya. Mimi nimeacha kuwashauri watu. Mteja akinieleza kwamba chakula kinamkwama, namwambia aende hospitali wiki hii hii, na simwongezei neno.