Mpiga Kasia Aliyeogopa Maji

Wiki iliyopita binti yangu alinikuta sebuleni hapa Ifakara nimekumbatia riwaya nene kuliko Biblia, machozi yananitoka.

"Mama, mtu mzima unalilia joka?"

Nikamwambia silii joka, namlilia mwenye joka. Akacheka, akaenda zake. Wewe kaa nikueleze, maana ugonjwa huu niliupatia utotoni, shambani kwetu Namawala.

Mpunga ulipoanza kukomaa tulihamia kule kuamia ndege. Mimi na bibi mzaa mama tulishinda juu ya dungu, kibanda cha miti chenye miguu mirefu, tangu alfajiri hadi jua kuzama. Kazi ilikuwa moja: kweleakwelea wakitua, piga debe, piga kelele. Mchana tulikula wali kwa kambale mkavu, na harufu ya moshi ilibaki vidoleni mpaka jioni. Kundi moja likiondoka, kabla jingine halijaja, bibi alisimulia.

Hadithi yake haikuwa ya sungura na fisi. Ilikuwa na falme saba zinazogombania mto, na nyoka anayemeza vijiji, na ilichukua msimu mzima. Lakini moyo wangu ulikuwa kwa mpiga kasia mmoja, mwongo kidogo, mlafi sana, tena anayeogopa maji. Nilimpenda kwa sababu hata mimi nilikuwa mwoga. Vita vikipiganwa sikuuliza nani kashinda. Niliuliza, "Na yule je, amekula?"

Siku aliyotakiwa kuvuka ng'ambo kumwokoa dada yake kwa yule nyoka, nilisahau debe. Ndege walishuka, wakamaliza kona nzima ya shamba. Sikupigwa, na afadhali ningepigwa.

"Hadithi imeishia hapo," bibi alisema, akachukua debe mwenyewe.

Siku zote zilizobaki hakusimulia kitu. Mimi nilitazama milima ya Udzungwa huku nikimwona mtu wangu amesimama ukingoni, mguu mmoja majini. Nilikonda, nakwambia.

Tulipomaliza kuvuna nilishindwa kuvumilia. "Bibi, nisamehe. Niambie tu, alivuka?"

Akaacha kupeta. "Mimi nitajuaje, mjukuu wangu? Wewe ndiye uliyeshinda naye msimu mzima. Angefanyaje?"

Nikafikiri. Nikasema angeogopa sana. Angetafuta uongo wa kujisingizia, angekula kwanza. Halafu angevuka huku analia, kwa kuwa ni dada yake.

"Basi amevuka," bibi akasema, akaendelea kupeta. Sijapata kufurahi vile tena.

Sasa bibi hayupo, shamba linalimwa na watu wengine, na dungu letu lilishaoza. Nami nimesoma riwaya nyingi za falme za kubuni, zile zenye ramani kurasa za mwanzo. Ramani huziruka. Natafuta mtu mmoja mwenye hofu zake niende naye hadi mwisho. Zile falme saba, nani hatimaye aliutwaa mto? Bibi aliondoka na jibu lake, na hadi leo sijalihitaji.