Trela la Papa

Leo nimepita kwenye karakana za maseremala Gisozi, harufu ya gundi na plaiwudi mbichi ikanisimamisha.

Nikajiona mtoto tena, uani kwetu, Papa akijenga trela dogo la kulala safarini, lenye umbo la tone la maji. Mbavu na magurudumu vilikuwa tayari, lakini plaiwudi ya paa iligoma kupindika. Moja ilikuwa imeshapasuka, na iliyobaki ilikuwa ya mwisho.

"Hii iko nataka maji ya moto," Mama akasema. Akaifunika kwa blanketi kuukuu, akamwagia sufuria nzima. Mvuke ukapanda. Papa akaipandisha juu ya trela, akashika upande wa mbele, mimi na dada yangu tukaning'inia kwenye ule wa nyuma, miguu ikielea hewani.

"Polepole! Musiruke!" Papa akatuambia.

Plaiwudi ikalia. Sote tukabana pumzi. Kisha ikashuka taratibu, ikalala juu ya mbavu.

"Imekubali!" Papa akapaza sauti, nyundo mkononi.

Misumari yote ilipogongwa tukajibana wote ndani, tukicheka. Mama akafunga mlango, akauliza:

"Haya, tunaanza kwenda wapi?"

Tukajibu kwa pamoja, kila mtu na mahali pake.