Siku Niliyolala Maiti Botini

Mwaka 1956, nikiwa na miaka minane, baba aliondoka Tabora kwenda kukata mkonge Tanga. Hakurudi. Mimi nikatolewa darasa la pili nikachunge ng'ombe wa watu, na shida yangu ilianzia hapo. Shule sikuiona tena. Haya nayaandika kwa mkono wangu, polepole, na asiyependa mwandiko wangu asisome.

Amerika nilikuja kama mpishi wa bwana mmoja wa ubalozini. Bwana alipomaliza muda wake akarudi nyumbani, mimi nikabaki, nikapiga deki maofisi ya Silver Spring mpaka nikapata makaratasi. Katika kupiga deki huko ndiko nilikompata mtani wangu. Yeye Mgogo, mimi Mnyamwezi, na makabila haya yanataniana tangu mababu: kutukanana ruksa, kunyang'anyana ruksa, kukasirika marufuku. Yeye aliniita mpagazi, kwa kuwa babu zangu walibeba mizigo ya watu mpaka pwani. Mimi nilimwita ombaomba, kwa kuwa kwao mvua ni haba na njaa iliwatuma watu kuomba mijini. Tulipanga chumba kimoja Hyattsville, tukitukanana kila tulipoonana, tukicheka.

Mimi nilikuwa bado kibarua. Yeye alikuwa na ofisi tatu za kusafisha, kazi aliyojitafutia mwenyewe. Ila makaratasi hakuwa nayo. Akitoka Amerika, harudi.

Basi mwaka 1997 mama yake akafa. Mtani wangu alikuwa mtoto wake wa pekee. Wakamzika bila yeye, lakini matanga hawakuanua. Wazee wakapiga simu kutoka Dodoma: tunakungoja wewe, watu hawajanyoa nywele za msiba. Aende, apoteze ofisi na Amerika yenyewe. Abaki, msiba wa mama yake ukae wazi, watu waseme. Hakuamua hili wala lile. Akaacha kula. Nikimtukana, hajibu. Mgogo asiyenijibu nilijua huyo anaondoka kichwani.

Kulikuwa na fundi magari mmoja, Mkongomani wa Lubumbashi, mwenye boti ya bati yenye injini nyuma. Akaniita mzee kwa Kifaransa chao, akataka tumtoe mtani matembezi: "Vieux, tumutoshe kidogo uyu muntu, akaone mayi." Tukaivuta boti kwa pikapu yake mpaka kusini kabisa mwa Virginia, kwenye mfereji wa zamani unaopita msituni hadi ziwani. Akaja nasi dada mmoja Mkenya, kazi yake kutunza wazee majumbani, na ndoo ya kuku wa kukaanga.

Maji ya mfereji ule yako juu kuliko ya mto tuliposhushia boti. Ili upande, unaingiza boti kwenye chumba cha kuta ndefu, geti linafungwa nyuma yako, mlinzi anafungulia maji, na boti inapanda nayo mpaka ilingane na mfereji. Ndipo geti la mbele linafunguka. Lakini kabla maji hayajaingia, uko chini shimoni. Kuta zimeota utelezi wa kijani, na mbingu unaiona kipande tu. Nilipoliona shimo lile nikajua la kufanya.

Kwetu mtu akifiwa, mtani wake huwahi kaburini kabla ya maiti, akalala humo, akagoma kutoka mpaka apewe kitu. Na anachopewa hakirudishwi. Huku hakuna aliyekuwa amemfanyia mtani wangu hivyo. Nikachukua khanga ya dada Mkenya, nikajilaza chali sakafuni mwa boti, nikajifunika.

"Mwanangu yuko wapi?" nikalia kwa sauti ya kikongwe. "Nasikia yuko Amerika anasugua vyoo! Mimi nimezikwa na majirani!"

"Aki mzee, hiyo ni ujinga!" dada akaruka. "Si unaona ako na huzuni?"

"Nyamaza, dada, mimi nimekufa. Mwanangu, utakuja lini? Au mpaka kuku waishe ndooni?"

Fundi akazima injini. "Vieux, utamuua uyu muntu."

"Sitoki mpaka nipewe kitu!"

Mlinzi akachungulia kutoka juu, akauliza kama kuna mgonjwa. Dada akamjibu kwa Kiingereza kwamba hakuna mgonjwa, kuna mwendawazimu.

Maji yakaanza kuingia, boti ikapanda ikigonga ukuta. Mtani ameshika kamba ya kuizuia boti, machozi na kamasi vinamtoka. Sikumhurumia. Nikamsimulia mama yake alivyokuwa akiita jina lake kitandani, akimpapasa mtoto wa jirani akidhani ni yeye. Sikuwa najua lolote, niliyatunga palepale. Akaachia kamba, akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za zile ofisi tatu, zimefungwa pamoja kwa waya, akanipiga nazo kifuani.

"Beba, mpagazi!" akapiga kelele. "Beba, uniache!"

Nikaamka. Maji yalipojaa, geti la mbele likafunguliwa.

Ziwani maji ni meusi kama chai ya rangi, na miti imesimama humohumo ndani. Nikamwambia Mgogo wangu asiyanywe yote, wengine nao wana kiu. Akanitukania ukoo mzima, kisha akala kuku mpaka dada akaficha ndoo. Njia nzima ya kurudi dada alinipa mgongo.

Asubuhi ya Jumatatu mtani akanisimamia mlangoni.

"Mtani, zile funguo."

"Zipi?"

"Acha mchezo. Leo nina kazi."

"Mwenye kazi ni mimi."

"Ule ulikuwa utani!"

"Ndiyo. Na cha utani hakirudi. Kama una kesi, wazee wako Dodoma, wanakungoja."

Akanitazama. "Wewe si mtu," akasema.

"Mimi ni mtani wako," nikamjibu, nikapanda basi kwenda kudeki ofisi zake. Mwenye majengo hakuuliza. Kwake mweusi mmoja alikuwa sawa na mwingine, mradi sakafu inang'aa.

Mtani akaondoka kwenda Dodoma. Nilimsindikiza uwanja wa ndege, hakunipa mkono. Akaanua matanga, watu wakanyoa. Amerika hakurudi tena, na salamu zangu hakujibu. Dada Mkenya alieneza Silver Spring nzima kwamba nimemfukuza mtu nile kazi yake. Ni kweli nimeila. Ni kweli pia kwamba msiba wa mama yake umefungwa na mwanawe mwenyewe, na kwamba huyo mwana angeachiwa funguo angekuwa anakufa taratibu kwenye kile chumba cha Hyattsville. Msamaha siombi.

Leo nina ofisi zile tatu, na kumi na moja nilizotafuta mwenyewe. Nyumba ya matofali Hyattsville, imelipwa yote, hati yake imesajiliwa serikalini, Upper Marlboro. Nyumba ya kupangisha Tabora mjini. Magari mawili ya kazi. Mashine nne za kupiga deki, moja mbovu.